Hewa Ifike Mpaka kwa Mtu wa Mwisho



Katika mikutano yetu hapa Muyeye tumezoea kunena habari za mshahara, likizo, saa za ziada na kiinua mgongo. Mambo hayo ni ya haki, wala hatutayaacha. Lakini liko jambo moja lisilonenwa sana, nalo mwanadamu hulihitaji kabla ya mshahara na hata kabla ya chakula. Jambo lenyewe ni hewa. Mtu aweza kukaa siku kadhaa bila kula, lakini bila hewa hamalizi dakika kumi. Hata hivyo wako wenzetu wanaoshinda kutwa nzima katika vyumba ambavyo hewa yake ni ya jana.

Mfikirini fundi cherehani katika chumba cha nyuma cha duka. Mfikirini mama apigaye pasi shuka za hoteli, mpishi aliye kati ya meko manne, karani wa tikiti aliyefungiwa nyuma ya kioo, na mlinzi wa zamu katika kibanda cha mabati. Joto la hapa Malindi mwezi wa Machi twalijua sote, wakati kaskazi imelegea na kusi haijaja. Mtu hutoka jasho hata akiwa ameketi kivulini. Ikiwa nje ni hivyo, ndani itakuwaje?

Tukilalamika, jawabu la wakubwa huwa moja: "Tutaleta mashine." Basi hununuliwa feni au kiyoyozi, hutundikwa popote palipopatikana nafasi, na maneno yakaisha. Haipiti wiki, yule aliye mbele ya mashine amejifunga kitambaa shingoni kwa baridi, na wale walio upande wa pili wa chumba wangali wakijipepea kwa karatasi. Hapo huanza ugomvi wa mfanyakazi kwa mfanyakazi: huyu azima, yule awasha. Tajiri hutazama na kunyamaza, maana shauri limehama kwake likaja kwetu.

Neno letu leo ni hili: tusidai mashine tu, tudai hewa, tena hewa imfikiayo kila mtu. Na ili tuidai sawasawa, yatupasa kujua jinsi hewa inavyotembea. Maarifa haya si ya wahandisi peke yao. Mtu yeyote mwenye macho na akili zake aweza kuyapata, na akishayapata hatadanganywa kwa urahisi.

UPEPO HUSHIKA UKUTA

Fanyeni jaribio hili nyumbani usiku. Chukua chupa ya mviringo, uisimamishe juu ya meza. Washa mshumaa, uuweke nyuma ya chupa, karibu nayo. Kisha pulizia chupa kwa nguvu kutoka mbele. Mtu angedhani kuwa chupa itaukinga mshumaa. Sivyo, mshumaa utazimika. Pumzi yako imefika kwenye chupa, ikashika ubavu wake, ikauzunguka, ikatokea upande wa pili. Sasa ondoa chupa, uweke kitabu kipana kimesimama. Pulizia tena. Safari hii mshumaa utabaki unawaka, kwa sababu pumzi haikupata ubavu wa mviringo wa kuufuata.

Ndiyo kusema mkondo wa hewa ukipita karibu na ukuta, au dari, au kitu chochote laini, huelekea kukishika na kukifuata. Jambo hili lilielezwa na Thomas Young huko Uingereza mwaka 1800. Baadaye mhandisi mmoja wa Romania, Henri Coandă, aliyezaliwa Bucharest mwaka 1886, alilichunguza sana, na mwaka 1934 akaandikisha uvumbuzi wake Ufaransa. Tangu hapo wataalamu huliita jambo hili kwa jina lake.

Je, sababu ni nini? Dari haina gundi. Sababu yake sisi watu wa reli twaweza kuieleza kwa mfano wa kazi yetu wenyewe.

Wazee wetu waliofanya kazi katika injini za mvuke walijua kwamba mvuke uliokwisha kusukuma pistoni haukuachwa upotee bure. Ulipitishwa katika bomba jembamba chini ya dohani, ukaruka juu kwa nguvu. Uliporuka ulichukua pamoja nao moshi wa tanuri, na moshi ulipotoka, hewa mpya iliingia motoni kushika nafasi yake. Kwa hiyo injini ilipopanda kilima na kuvuta mabehewa mazito, ndipo moto wake ulipozidi kuwaka. Hapakuwa na feni hata moja. Mvuke wenyewe uliwavuta jirani zake.

Tena Bwana Adolf Giesl-Gieslingen wa Austria aliitengeneza njia hiyo upya. Aliugawa mvuke utoke katika matundu madogo kadhaa yaliyopangwa mstari mmoja, chini ya dohani nyembamba iliyo ndefu. Mvuke uliogawanyika hivyo uliwagusa jirani wengi zaidi, ukavuta vizuri zaidi. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilizitia injini zake nyingi dohani za namna hiyo, na miongoni mwao zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956 zikapewa majina ya milima. Moja yao, namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Mwenye nafasi na aende akaitazame.

Basi shikeni neno hili: hewa ipulizwayo kwa nguvu huvuta hewa iliyo jirani nayo. Ikipulizwa katikati ya chumba, huvuta kutoka pande zote. Lakini ikipulizwa karibu na dari, huvuta kutoka chini, na juu nako hutaka kuvuta, ila juu pana dari, wala hapana hewa ya kutosha kujaza nafasi. Kwa hiyo kati ya mkondo na dari hewa hupungua nguvu. Hewa ya chini, ambayo nguvu yake haijapungua, huusukuma mkondo juu mpaka ulale juu ya dari. Hiyo ndiyo siri yote.

FAIDA YAKE CHUMBANI

Faida ya kwanza ni safari ndefu. Mkondo ulio katikati ya chumba hushikwa na hewa iliyosimama pande zote, ukachoka mapema. Mkondo ulioshika dari hushikwa upande mmoja tu. Kwa hesabu ya mafundi, huenda mbali zaidi kwa kiasi cha sehemu 4 katika 10. Ikiwa wa kwanza ungefika mita 5, wa pili hufika kama mita 7. Ndugu zangu, mita 2 hizo zaweza kuwa ndizo anazoketi mtu wa mwisho.

Faida ya pili ni kwa vyumba vyenye kiyoyozi. Hewa ya baridi ni nzito, na ikiachwa huanguka palepale juu ya kichwa cha aliye karibu. Ikishika dari hubaki juu kwa muda, huchanganyika na hewa ya joto njiani, kisha hushuka polepole kwa watu wote, isiwe baridi ya kuumiza shingo. Hivyo ugomvi wa kuwasha na kuzima hupungua.

Lakini yako masharti. Tundu la kutolea hewa liwe karibu na dari, lisiwe chini yake zaidi ya kiasi cha sentimita 30. Hewa itoke kwa nguvu ya kutosha, maana mkondo mlegevu huachana na dari ukaanguka. Tena dari iwe wazi. Boriti iliyokatiza, taa kubwa inayoning'inia, bomba, au kibao cha matangazo, kila kimoja chaweza kuupiga mkondo ukaanguka juu ya mtu mmoja na kuwanyima wengine. Mashine yaweza kuwa nzuri na ya bei kubwa, na bado ikashindwa kwa ajili ya boriti moja.

Ziko njia nyingine pia. Nchini China, katika mji wa Xi'an, wataalamu wamechunguza namna ya kuiteremsha hewa safi kwa kufuata ukuta. Hewa hutolewa juu, ikashika ukuta na kushuka nao mpaka sakafuni, kisha ikageuka na kutandaa sakafuni kama maji ya bamvua yanavyotandaa ufukoni. Ikikuta mwili wa mtu au mashine yenye joto hupanda taratibu, ikichukua joto na uchafu kwenda juu, na huko juu hutolewa nje. Wamechunguza pia nguzo za stesheni za reli ya chini ya ardhi, ili hewa ishuke kwa kufuata nguzo hadi kwa abiria. Nguzo iliyowekwa kushika paa ikapata kazi ya pili.

HEWA YA KUPOZA NA HEWA YA KUPUMUA

Hapa tuangalie sana, tusije tukachanganya mambo mawili. Iko hewa ya kupoza mwili, na iko hewa ya kupumua. Feni ya dari, yaani pangaboi, hukupoza kwa kukausha jasho. Kiyoyozi cha ukutani, kile cha kawaida kilicho katika maofisi mengi, huipoza hewa ileile ya chumba, huimeza na kuitoa, huimeza na kuitoa. Vyote viwili haviingizi hewa mpya hata kidogo. Chumba chaweza kuwa baridi kama barafu na hewa yake ikawa imepita katika mapafu ya watu kumi.

Jambo hili si dogo, maana kifua kikuu huenda kwa hewa. Katika miaka ya 1950 daktari Richard Riley na wenzake walilithibitisha katika hospitali moja ya Baltimore, Marekani. Walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakaipitisha kwa mabomba hadi kwenye chumba cha simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Wanyama wale hawakumgusa mgonjwa hata mmoja, lakini waliambukizwa. Wengine, ambao hewa yao ilipitishwa kwanza kwenye mwanga mkali wa kuua vijidudu, hawakuambukizwa. Na Kenya yetu Shirika la Afya Duniani limeihesabu miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Tena mwaka 2020 dunia nzima ilifunzwa na korona kwamba pumzi ya mtu katika chumba kilichofungwa ni pumzi ya jirani yake.

Kwa hiyo mkondo wa hewa, hata ukishika dari namna gani, hautoshi peke yake. Kama hapana njia ya hewa mpya kuingia na ya hewa chafu kutoka, mkondo huo utagawanya kikohozi cha mmoja kwa wote, kwa usawa kabisa. Hatutaki usawa wa namna hiyo.

Dawa ya jambo hili si lazima iwe ya gharama. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 8 za mji wa Lima, nchini Peru. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya vyumba ilibadilika kiasi cha mara 28 kwa saa, na vyumba vya mashine vilivyolinganishwa navyo vilihesabiwa mara 12. Tena majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyashinda majengo mapya. Nasi wa pwani, ambao Mungu ametupa kusi na kaskazi bila kutudai kodi, twafungiwa katika vyumba vya dirisha moja!

MAMBO TUWEZAYO KUFANYA

Kwanza, tupime. Washa kijiti cha udi, ukishike karibu na dari, kisha usogee nacho kutoka mlangoni hadi pembe ya mwisho, ukitazama moshi waenda wapi. Moshi ukilala juu ya dari na kwenda mbali, mkondo umeshika. Ukianguka mahali fulani, angalia juu yake, utaona boriti au kitu kingine kilichouangusha. Ukisimama wima bila kwenda popote, hapo hapana hewa, na aketiye hapo ana haki ya kulalamika. Lakini msifanye hivyo penye petroli, gesi au rangi.

Pili, tutazame njia ya kuingia na ya kutoka. Dirisha moja ni mlango wa chumba kisicho na pa kutokea: upepo huchungulia ukarudi. Madirisha mawili yanayotazamana, moja upande wa kusi na jingine upande wa kaskazi, ni bora kuliko feni tatu. Pasipowezekana dirisha la pili, basi tundu juu ya ukuta, chini ya paa, ili hewa ya joto itoke.

Tatu, dirisha la vipande vya vioo vya kugeuza lina akili, likitumiwa kwa akili. Ukivigeuza vioo vielekee juu, upepo hupanda, ukaenda na dari hadi nyuma ya chumba. Ukivilaza, upepo huja moja kwa moja kwenye miili ya watu. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, mtu atokaye jasho hutaka upepo wa mwilini, basi vilazwe. Katika chumba kirefu chenye watu nyuma, viinuliwe kidogo. Watu wa chumba na wapatane wenyewe.

Nne, kabati lisisimame mbele ya dirisha wala chini ya tundu la hewa, na magunia yasipangwe mpaka darini. Wako wenzetu wanaoziba matundu kwa magazeti kwa sababu ya mbu au vumbi. Wavu wa mbu utafaa kuliko gazeti, nao uoshwe, maana wavu ulioshiba vumbi haupitishi kitu.

Tano, fundi wa kiyoyozi ajapo, asiachwe peke yake na mkubwa wa ofisi. Awepo mfanyakazi mmoja wetu wa kuuliza maswali matatu: Mkondo utashika dari au utakutana na boriti? Mtu wa mwisho ameketi wapi? Hewa mpya itaingia kwa njia gani? Maswali matatu hayo hayagharimu hata senti moja, lakini yaweza kuokoa maelfu ya shilingi, na mapafu ya watu.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Huenda mkubwa akasema haya ni mambo ya anasa. Mwambieni kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka aingize hewa safi ya kutosha katika kila chumba cha kazi na kuhakikisha inazunguka. Sheria hiyohiyo yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye watu wa mwajiri na watu wa wafanyakazi. Kama kamati hiyo haipo kazini kwenu, hilo ndilo dai la kwanza. Kama ipo na hukutana kunywa chai tu, wapelekeeni shauri la hewa wapate la kufanya.

Na akisema gharama, mwonyesheni hesabu. Kuhamisha kabati ni bure. Kusogeza kibao cha matangazo ni bure. Kuitundika mashine karibu na dari badala ya katikati ya ukuta ni kazi ileile na misumari ileile. Lakini mfanyakazi aliyelala kitandani miezi sita akimeza dawa za kifua kikuu ni gharama kwake, kwa watoto wake, na kwa kazi pia.

Wazee waliogoma Mombasa Januari 1947, watu wa bandarini na wa reli pamoja na wengine, walitaka mtu aweze kuishi kwa kazi yake. Kuishi ni pamoja na kupumua. Na wale walioishi katika landi za reli, kama zile za Muthurwa huko Nairobi, jamaa nzima katika chumba kimoja, walijua maana ya kuamka asubuhi kichwa kikiuma kwa hewa nzito. Hatukuwaona wazee wale wakiomba upendeleo, nasi hatuombi.

Basi, ndugu, kila mmoja aje mkutano ujao na karatasi moja. Achore chumba chake cha kazi: mlango, madirisha, feni au mashine, boriti za dari, na mahali aketipo kila mtu. Si lazima achore vizuri. Atie alama pale moshi wa udi uliposimama. Mama zetu wa kufua na dada zetu wa cherehani wasikae nyuma, maana vyumba vyao ndivyo vibaya kuliko vyote. Tutazikusanya karatasi hizo, na halmashauri ya tawi itazipeleka kwa waajiri, chumba kwa chumba, bila matusi na bila kurudi nyuma.

Mtu mmoja akisema kuna joto, huambiwa avumilie. Watu wote wa chumba wakionyesha kwa karatasi mahali hewa inapokatika, watajibiwaje?

Umoja ni nguvu.

Mhariri